Chai ya Zadock

Bonareri alikuwa amekwisha kumsamehe Zadock dhambi ya chai.

Haikuwa rahisi. Katika nyumba ya baba yake, Mzee Nyabuto, muuza vitambaa wa Migori na mzee wa kanisa la Wasabato, chai haikuvuka kizingiti. Wala kahawa, wala tumbaku. Pombe ndiyo usiseme, hata jina lake halikutajwa watu wakiwa mezani. Mgeni alipewa uji wa wimbi au maziwa, na kama alitaka kitu cha kuchoma koo alipewa maji ya moto yaliyotiwa limau. Basi siku ya kwanza Bonareri alipomwona Zadock Ogweno akifungua ile themosi yake ya kijani, akamimina kitu cheusi kwenye kifuniko na kunywa huku kalamu ikiwa imetulia katika mkono wa pili, aliona haya kama aliyechungulia chumbani kwa mtu.

"Ni nini hiyo?"

Zadock alicheka. Alikuwa na kicheko cha chini kwa chini, cha mtu asiyetaka kuwasumbua majirani. "Strungi. Chai kavu, haina maziwa. Bila hii kalamu yangu haitembei."

"Baba akijua je?"

"Nani atamwambia? Wewe?"

Hakumwambia. Alimficha, akawa mlinzi wa themosi ile. Zadock alipokuja dukani, Bonareri aliiweka nyuma ya marobota ya vitambaa. Mama yake, Nyaboke, alipouliza ile chupa ina nini, alijibu kwamba ni maji, na huo ukawa uongo wake wa kwanza kwa mama yake tangu awe mtu mzima. Usiku aliungama. Ee Bwana, msamehe Zadock, ni chai tu. Hata harufu yake aliizoea. Ilikuwa harufu kali, yenye joto, inayopanda puani na kukaa. Zadock alipoinama karibu naye kumsomea kurasa mpya, harufu hiyo ilichanganyika na karafuu alizopenda kutafuna, na moyo wa Bonareri ulikimbia. Alijisemea kwamba siku akiwa na nyumba yake mwenyewe huko Homa Bay, atajifunza kupika chai yenye harufu ile ile.

Walikutana kwa sababu ya hadithi. Zadock alikuwa karani katika kiwanda cha kuchambua pamba Homa Bay, na hadithi zake za Kiswahili zilitoka vipande vipande katika gazeti la Nairobi. Siku hiyo alikuja Migori kwa kazi ya pamba, koti likachanika, akaingia dukani kwa Mzee Nyabuto kulishonesha. Akamkuta msichana nyuma ya cherehani, mguu umesimama juu ya kanyagio, gazeti mapajani, machozi yanamtiririka.

"Unalilia nini, dada?"

"Namlilia huyu msichana wa kisiwa cha Takawiri. Aliyeandika haya hana huruma hata kidogo."

"Basi naomba radhi," Zadock alisema, akavua kofia. "Ni mimi."

Yeye Mjaluo, Bonareri Mkisii. Hakuna aliyejua lugha ya mama ya mwenzake, kwa hiyo mapenzi yao yote yalikuwa ya Kiswahili, na Bonareri alipenda jambo hilo. Aliona kama nyumba waliyoijenga wenyewe, ambayo mjomba wala shangazi hakuwa na ufunguo wake.

Sasa ilikuwa Jumapili, na nyumba hiyo ilikuwa inakaguliwa.

*

Wageni wa posa walifika kutoka Homa Bay jua likiwa limepanda vizuri. Walikuwa watatu tu, maana Mzee Nyabuto alikuwa amesema hataki msafara. Zadock alivaa lile koti, mshono wa Bonareri ukionekana begani kwa aliyejua pa kutazama. Alikuja na shangazi yake Filister, aliyemlea tangu utotoni na ambaye Zadock alimwita Waya, kwa desturi ya kwao, na baba yake mdogo Cephas, mwanamume mnene mwenye utani. Themosi ya kijani ilikuwa ndani ya mfuko wa kiondo miguuni pa Zadock. Bonareri aliiona alipopita na sinia, akamkata jicho. *Hata leo?* Zadock aliinamisha macho.

Uji ulimiminwa. Cephas alikunywa, akafuta masharubu, akaguna.

"Mzee Nyabuto, kwenu ni kuzuri sana. Ila mtu akitoka hapa akiwa amelewa, itabidi tuulaumu wimbi peke yake."

Filister alimkanyaga mguu. Nyaboke alicheka nyuma ya kitambaa. Mzee Nyabuto hakucheka, ila hakukasirika pia.

"Bwana Cephas, sitazungumza habari za ng'ombe leo," alisema polepole. "Ng'ombe wana siku yao. Wala sitasema huyu ni Mjaluo na sisi ni Wakisii, ingawa ndugu zangu wamesema mpaka nimechoka kusikia. Neno langu ni moja. Zadock, mwanangu."

"Naam, Mzee."

"Waandishi tunawasikia. Watu husema kalamu na chupa hulala kitanda kimoja. Mimi sijui, si kazi yangu. Lakini marehemu baba yangu alikunywa, na Mto Kuja ukamchukua akirudi nyumbani. Nilikuwa na urefu wa meza hii. Binti yangu hataolewa kwenye jambo hilo. Wewe uliinua mkono kwenye makambi ya Agosti, mbele ya kanisa, ukaapa kutoonja. Nakuuliza mbele ya wazee wako. Kiapo kipo?"

Bonareri alikuwa amesimama mlangoni pa jikoni. Alimwangalia Zadock shingoni, pale mshipa ulipokuwa ukidunda.

"Kipo, Mzee."

"Asante," alisema Mzee Nyabuto, na uso wake ukafunguka kwa mara ya kwanza siku hiyo.

Hapo ndipo Magokoro alipokohoa.

Magokoro ndivyo walivyomwita nyanya yake Bonareri, mama mzazi wa Mzee Nyabuto. Jina lake Nyasuguta. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake karibu na dirisha, mdogo kama mtoto, na wengi walidhani amelala. Alikohoa mpaka mabega yakatikisika.

"Mpe maji ya limau," alisema Mzee Nyabuto.

"Sitaki limau," alisema Magokoro. "Limau nimekunywa mpaka nimekuwa mlimau. Nataka chai."



"Mama!" Mzee Nyabuto alisema. "Chai gani?"

"Ile ya huyu kijana. Alipoweka mfuko chini nimeisikia ikilia tumboni mwa chupa. Kifua kinaniuma, Nyabuto. Bwana hatanifungia mlango kwa ajili ya kikombe kimoja."

 Siri imetoka! Bonareri alimtazama Zadock, na alichokiona kilimshangaza. Uso wa Zadock ulikuwa kama karatasi. Kwa chai?

"Imekwisha, Magokoro," Zadock alisema. "Nimeimaliza njiani."

"Haijaisha. Chupa tupu hailii."

Cephas alianza kucheka, akaona hakuna anayemsaidia, akaacha. Mzee Nyabuto alikuwa amemkazia Zadock macho, na ule uwazi wa usoni ulikuwa unaanza kujifunga tena. Bonareri akaona kwamba kimya hiki kitamwangamiza mtu wake kwa kosa dogo. Afadhali kweli isemwe. Akaweka sinia chini, akasogea katikati ya sebule.

"Baba, ni chai tu. Nimejua siku zote. Ni mimi niliyemwambia afiche."

"Bona, acha," alisema Zadock.

"Siachi. Baba, hunywa chai akiandika, basi. Nitamfundisha kuacha taratibu. Lakini kiapo alichoapa ni cha pombe, si cha chai."

"Bona, nakuomba. Keti."

Hakuketi. Aliinama, akaitoa themosi kwenye mfuko, akafungua kifuniko, akang'oa kizibo, akamimina. Harufu yake aipendayo ikapanda. Akamkabidhi nyanya yake kile kifuniko kwa mikono miwili, kwa adabu yote, kama anayemlisha mgonjwa.

Magokoro hakunywa. Alikileta puani, akakiacha hapo kitambo.

"Mjukuu wangu," alisema, "wewe chai umewahi kuinusa?"

"Ndiyo, Magokoro. Ni hii."

"Hii?"

"Ndiyo. Chai ya strungi. Kila siku hunukia hivi."

Yule bibi kizee alimtazama kwa huruma ambayo Bonareri hakuielewa, kisha akamgeukia mwanawe.

"Nyabuto, kabla sijaingia majini kubatizwa, unakumbuka nilikuwa napika nini nyuma ya nyumba ili mle."

Mzee Nyabuto aliinamisha kichwa.

"Hii ni pombe, ni chang'aa. Wametia majani ya chai iwe nyeusi. Na imepikwa vibaya."

*

Watu walisema mambo mengi baada ya hapo, lakini Bonareri aliyasikia kama mtu aliye chini ya maji. Alimsikia Filister akipiga makofi ya mshangao. "Yawa, Zadock! Si uliniambia uliacha? Si uliniapia juu ya kaburi la mama yako?" Alimsikia Cephas akiomba msamaha kwa Kiswahili, kisha kwa Kijaluo, kisha kwa Kiswahili tena. Alimsikia baba yake akisema, bila kupaza sauti, "Kikao kimekwisha."

Ila yeye mwenyewe alikuwa anahesabu upya. Harufu ile ilikuwepo Zadock aliposoma sura ya mwisho ya msichana wa Takawiri. Ilikuwepo kule Uriri siku ya soko, walipojikinga na mvua chini ya turubai moja na mikono yao ikagusana. Harufu ya walevi aliijua, alidhani anaijua, ile chachu ya busaa inayowatoka wanaume sokoni. Hii hakuna aliyewahi kumfundisha. Katika nyumba isiyo na chai wala pombe, nani angemwonyesha tofauti?

"Baba," alisema, "nipe nafasi niseme naye."

"Hakuna la kusema."

"Nipe, Baba. Ni mimi niliyemimina."

Mzee Nyabuto alimwangalia mama yake, Magokoro akainamisha kichwa kukubali. "Chumba cha cherehani," alisema. "Mlango ubaki wazi."

*

Walisimama pande mbili za meza ya kukatia nguo. Themosi ilikuwa bado mkononi mwa Bonareri. Aliiweka katikati yao.

"Tangu lini?"

"Tangu kabla yako."

"Na makambini? Nilikuona ukiinua mkono. Nililia kwa furaha, Zadock. Mama akanishika bega."

Zadock alilamba midomo. "Niliinua mkono nikiwa nimekunywa."

 Bonareri alishika ukingo wa meza.

"Na Uriri? Chini ya turubai? Uliponiambia... yale uliyoniambia?"

"Siku ile nilikunywa kidogo tu."

"Kidogo tu," alirudia. "Kuna siku yoyote niliyokutana nawe wewe, Zadock? Wewe peke yako? Nitajie moja."

Alifikiri. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba ilimbidi afikiri.

"Siku ya koti," alisema mwishowe. "Nilikuwa kazini. Sikunywa mpaka jioni."

"Ahaa. Basi nina siku moja."

"Bona, nisikilize. Sitafuti hukumu nzuri, nataka tu ujue." Sauti yake ilikuwa imekauka. "Zamani nilikuwa nakaa mbele ya karatasi, nayaona maneno yamesimama ng'ambo kama ng'ombe walioogopa mto. Siendi, hayaji. Tulipomzika mama, nikanywa na wenzangu, nikarudi chumbani nikashika kalamu, na maneno yakavuka yenyewe. Asubuhi niliyasoma, nikastaajabu. Nikayapeleka Nairobi, yakachapwa, watu wakaniita mwandishi. Tangu siku hiyo sijathubutu kumketisha mezani Zadock mkavu. Namwogopa. Je, kama hana kitu?"

Bonareri alitaka kumshika mkono. Hamu hiyo ilimkasirisha.

"Nitakusomea jambo," alisema. "Liko kichwani, sihitaji gazeti. *Alimtazama kama mtu anayesikiliza mvua ikija kutoka ng'ambo ya ziwa, asiyejua kama akimbie au afungue mlango.* Nilipoyasoma maneno hayo, mguu ulisimama juu ya cherehani. Nilisema, aliyeyaandika haya, hata kama ni kizee cha meno mawili, nitampenda. Kisha ukaingia na koti lako. Nilidhani Mungu amenisikia."

Zadock alikuwa amekunja uso, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina la jirani wa zamani.

"Ni maneno mazuri," alisema. Kisha, taratibu, "Ni yangu hayo?"

Kutoka sebuleni walimsikia Filister akilia kimyakimya. Nje, mtu alikuwa akivuta mlango wa duka la jirani, bati likikwaruza sakafu.

"Hukumbuki," alisema Bonareri.

"Sikumbuki kuyaandika. Bona, nisamehe. Mengi sikumbuki."

  Bonareri alivuta karatasi ya kaki aliyotumia kuchorea mitindo ya magauni, akaitandaza, akaweka penseli juu yake.

"Keti."

"Nini?"

"Keti, andika. Hapa, sasa hivi, mdomo mkavu. Nataka kumwona huyo unayemwogopa."

Zadock aliketi. Alishika penseli, na Bonareri akauona mkono wake kwa mara ya kwanza, mkono wenyewe, ukitetemeka kama wa mtu mwenye homa. Aliandika neno, akalifuta. Akaandika jingine, akalifuta pia. Jasho lilimtoka juu ya mdomo. Macho yake yaliitafuta themosi bila yeye kujua, kisha yakajua, yakaona haya, yakarudi kwenye karatasi. Bonareri alisimama pale pale. Alikuwa amemwona mara nyingi akiandika kwa mwendo, akitabasamu peke yake, na alikuwa amempenda vile. Huyu hakumjua. Huyu alikuwa kama mtoto anayejifunza kuvuka.

Mwishowe alisukuma karatasi upande wake.

"Si nzuri."

Bonareri alisoma. *Nimeketi kwenye meza ya cherehani. Naogopa. Mkono unanitetemeka na msichana niliyemdanganya ananitazama.*

"Ni mbaya," alisema.

"Nilikuambia."

"Hakuna ziwa humu, wala mvua." Sauti yake ilikatika, akaikamata. "Lakini hii utaikumbuka kesho."

Zadock aliinua uso. Macho yake yalikuwa mekundu, na ndani yake mlikuwa na mtu aliyeshtuka kama yeye, pengine zaidi. 

Bonareri alichukua themosi, akapita mlangoni, akapita mbele ya wazee wote bila kugeuka, akaingia jikoni. Akamwaga chupa yote uani. Akaisugua kwa majivu na maji ya moto, akainusa. Bati lilikuwa limekubali kuoshwa, na kioo vilevile. Kizibo ndicho kilichokataa. Kilikuwa kimenyonya miaka ile yote na hakikuwa tayari kuitoa. Bonareri akakitupa kati ya mafiga.

Kilishika mara moja, kwa mwali mwembamba wa buluu.

Magokoro alikuwa amemfuata, akiegemea mlango. "Unaona?" alisema. "Chai haiwaki."

Aliporudi sebuleni wageni walikuwa wamesimama tayari kuondoka. Bonareri alimkabidhi Zadock themosi yake, ikiwa wazi.

"Kizibo kiko wapi?" aliuliza Zadock.

"Nimekichoma. Nenda nayo hivyo hivyo. Ukitia kitu humu, kila mtu atakinusa."

Zadock aliipokea kwa mikono miwili.

Mzee Nyabuto alimgeukia binti yake. Hakuwa na hasira tena, alikuwa na uchovu tu, na nyuma ya uchovu huo palikuwa na mtoto mwenye urefu wa meza.

"Bonareri. Nakuuliza mbele yao, wasije wakasema nilikuzuia. Unamtaka mtu huyu?"

"La, Baba."

Zadock alifumba macho. Filister akamshika kiwiko.

"Bado simjui," alisema Bonareri. "Ndiyo kwanza nimesoma mstari wake mmoja. Akiwa na mingine kama huo, mibaya hivyo hivyo, ailete mwenyewe. Nitaisoma. Baada ya hapo ndipo uniulize tena."

Mzee Nyabuto hakusema ndiyo. Hakusema hapana. Alichukua fimbo yake, akawasindikiza wageni mpaka barabarani, kama inavyopasa.

Bonareri alirudi kwenye cherehani. Karatasi ya kaki aliikunja, akaitia ndani ya sidiria, upande wa moyo, akijichukia kwa kufanya hivyo. Akashika kitambaa, akaweka mguu kwenye kanyagio, lakini kabla gurudumu halijazunguka alileta vidole vyake puani. Alikuwa ameviosha kwa sabuni, kwa limau, kwa majivu. Harufu ilikuwepo.

Hapo ndipo alipolia, kwa sababu sasa alijua ni harufu ya nini, na bado aliipenda.